Upatanisho wa Sehemu: Upimaji wa Maungio katika Koo za Programu za Kompyuta, kwa Mifano ya Bangwe na Mwambao wa Ziwa Tanganyika



1.0 Utangulizi

Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mihadhara ya taaluma za Kiswahili imezoea kushughulikia lahaja, ushairi, fonolojia na ukuzaji wa istilahi. Si kawaida yake kuzungumzia namna programu za kompyuta zinavyopimwa kabla ya kukabidhiwa watumiaji. Hata hivyo, nadhani suala hili lina haki ya kuingia katika ukumbi huu kwa sababu mbili. Kwanza, programu nyingi zinazotumika katika zahanati, halmashauri na mabenki yetu sasa huzungumza Kiswahili, na zinapokosea hukosea kwa Kiswahili. Pili, makosa yenyewe mara nyingi hayatokani na neno baya wala hesabu mbaya. Hutokana na kuunganishwa kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja, kikiwa peke yake, ni sahihi. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kufundishwa upatanisho wa kisarufi anaifahamu hali hiyo, ijapokuwa hajawahi kugusa kompyuta.

Mifano yangu mingi nitaitoa hapa Kigoma, na hasa upande wa Bangwe, penye rasi inayofunga ghuba ya Kigoma kwa kusini. Sikuchagua mahali hapo kwa ajili ya mandhari yake. Kutoka Bangwe ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na Ujiji iko jirani. Kiswahili kilivuka ziwa hili pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakaa Manyema na kwingineko, kisha kikarudi na watu wake kikiwa na sura nyingine. Mtu anayetaka kupima programu ya Kiswahili kwa haki hatapata mahali pagumu zaidi ya hapa, na ugumu huo ndio tunaouhitaji.

2.0 Ukoo wa Programu ni Nini?

Tuanze na fundi wa boti za mbao. Fundi huyo hatengenezi kila boti kwa wazo jipya. Ana umbo moja analolijua, ana vipimo vyake vya mbavu na mbao, na juu ya umbo hilo huweka tofauti kadiri mteja anavyotaka: boti ya kuvulia dagaa usiku kwa taa, boti ya kubebea abiria na mizigo kwenda vijijini, boti yenye injini ya kutundika tezini au isiyo nayo. Umbo ni la pamoja. Tofauti zimewekewa nafasi tangu mwanzo. Wahandisi wa programu hufanya vivyo hivyo. Badala ya kuandika programu mpya ya kila hospitali au kila nchi, huandika kiini kimoja pamoja na sehemu zinazoweza kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa, kisha kutokana na akiba hiyo huzalisha programu nyingi zenye undugu.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1976 David Parnas alichapisha makala iliyozungumzia familia za programu, akitaka wabunifu wachunguze kwanza kile ambacho programu ndugu zinashirikiana ndipo wachunguze zinachotofautiana. Mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake, katika taasisi ya uhandisi wa programu iliyoko Pittsburgh, Marekani, walitoa njia ya kuchora sifa za programu kama mti: zipi ni za lazima, zipi ni za hiari, zipi haziwezi kukaa pamoja. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Sweden iliyokuja kujulikana kwa jina la CelsiusTech ilikuwa imekwisha kuingia katika njia hiyo kwa kulazimika, ilipopaswa kutengeneza programu za meli za kivita za nchi mbili kwa wakati mmoja, Sweden na Denmark, na ikaona kwamba haitaweza kuziandika mara mbili.

Niseme neno kuhusu istilahi. Tafsiri ya neno kwa neno ya jina linalotumika Ulaya na Marekani ingetupa "mstari wa bidhaa". Siipendelei. Mstari kwa Mswahili ni kitu kinachochorwa, au ni watu wanaosubiri huduma. Haubebi dhana ya kuzaliana wala ya kufanana. Nimechagua *ukoo wa programu*, na kila programu inayozalishwa naiita *zao*. Nilifikiria "mwanaukoo", lakini neno hilo lingeilazimisha programu kuingia katika ngeli ya A-WA, na tungejikuta tukisema kwamba mwanaukoo fulani amesakinishwa na mwingine amekwama. Mahali ambapo tofauti inaruhusiwa, yaani pale ambapo mbunifu anasema "hapa chagua hiki au kile", napaita *njia panda*. Jambo linalochaguliwa ni *sifa*.

Upimaji nao una ngazi zake. Kuna upimaji wa sehemu pweke, ambapo kipande kimoja kinapimwa kikiwa kimetengwa na vingine. Halafu kuna upimaji ninaoupa jina la *upimaji wa maungio*, unaouliza iwapo vipande viwili au zaidi vikiungwa vinafanya kazi inayotarajiwa. Wapo wanaopendelea "upimaji wa viungo". Nao wana hoja, ila katika mazingira ya hospitali, ambako mifano yangu mingi inatoka, jina hilo litampeleka msikilizaji kwenye magoti na viwiko.

3.0 Kwa Nini Sehemu Njema Haitoshi

Kigoma ina mfano wa kihistoria ambao kila mtoto wa hapa anaujua kwa sehemu. Meli iliyokuja kuitwa Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande, vikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, vikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Hapa vikaungwa upya chini ya usimamizi wa mafundi watatu waliotumwa na kiwanda, na meli ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ninachotaka kukionyesha ni kidogo tu: kiwandani meli iliwekwa pamoja kabla ya kutenganishwa. Kupima kila bamba la chuma kwa rula kusingetosha. Ilibidi bamba likutane na bamba lenzake Papenburg, mahali ambapo kosa lingerekebishika, kabla ya kukutana nalo Kigoma ambako hapakuwa na kiwanda cha kufulia jingine.

Mfano wa kinyume chake ni wa tarehe 4 Juni 1996. Roketi ya Ariane 5 ya nchi za Ulaya iliharibika angani takriban sekunde 40 baada ya kuruka. Programu ya chombo chake cha kuongoza mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Lakini Ariane 5 ilikuwa na mwendo tofauti. Tarakimu moja ikakua kupita nafasi iliyotengewa, chombo kikazima, na chombo cha akiba, kilichokuwa na programu ile ile, kilikuwa kimezima kwa sababu ile ile. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba programu hiyo haikuwa imepimwa pamoja na mwenendo halisi wa roketi mpya. Sehemu ilikuwa njema. Ungio ndilo ambalo hakuna aliyelitazama.

Katika ukoo wa programu hatari hii huzidi, kwa kuwa sehemu ile ile huungwa mara nyingi na majirani tofauti. Wataalamu wa simu waliigundua mapema. Chukua huduma mbili: moja inamjulisha mtu aliye katika maongezi kwamba kuna simu nyingine inaingia, ya pili inaihamishia simu hiyo namba nyingine mwenye simu akiwa anaongea. Kila huduma ikiwa peke yake haina tatizo. Zikiwekwa pamoja, zote mbili zinadai haki juu ya tukio lile lile, na programu isiyopangiwa utaratibu haijui iitii ipi.

4.0 Mfano wa Afrika Mashariki: Kumbukumbu za Wagonjwa

Mfano wetu wa karibu ulio mkubwa kuliko yote ni OpenMRS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mizizi yake iko Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa na mfumo mdogo wa kompyuta uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Idadi ya wagonjwa wa Virusi vya UKIMWI waliohitaji dawa za kila siku ilipoongezeka kwa kasi, mfumo huo haukutosha. Mwaka 2004 wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na wale wa shirika la Partners In Health, waliokuwa na tatizo la aina hiyo hiyo, waliamua kujenga kiini kimoja cha pamoja. Mwaka 2006 kilianza kutumika Eldoret, kisha Rwanda na Afrika Kusini.

Muundo wake unastahili kuangaliwa kwa makini, hasa na watu wa lugha. Katikati kuna kamusi. Si kamusi ya maneno bali ya dhana: "uzito", "kifua kikuu", "tarehe ya kurudi". Kila dhana ina utambulisho wake usiobadilika, na chini ya dhana moja yanaweza kuandikwa majina ya lugha mbalimbali. Juu ya kiini na kamusi huwekwa moduli: ya maabara, ya dawa, ya miadi, ya kutuma taarifa serikalini. Kila nchi au shirika huchagua moduli zake na kupata toleo lake. Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR. Zote ni ndugu wa damu, lakini hazifanani sura.

Je, huu ni ukoo wa programu kwa maana kamili? Wanaoshikilia tafsiri kali watakataa, kwa kuwa hakuna mamlaka moja inayomiliki sehemu zote na kuamua ni mazao gani yazaliwe. Moduli huandikwa na watu walio Nairobi, Kampala, Kigali au Boston, ambao huenda hawajawahi kuonana. Mimi naona pingamizi hilo linaongeza uzito wa hoja badala ya kuipunguza. Penye mwenye mali mmoja, anaweza walau kujua maungio yake ni yapi. Pasipo naye, maungio mengine huonekana kwa mara ya kwanza katika zahanati, mbele ya muuguzi mwenye foleni ya wagonjwa.

5.0 Ngeli kama Maungio

Sasa tuingie katika Kiswahili chenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na ya mahesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, na mijadala iliyoizunguka ilihusu zaidi maneno: tuseme faili au jalada, tuseme kipanya au mausi. Mijadala hiyo ilikuwa halali. Lakini iliacha pembeni jambo ambalo mtafsiri hukutana nalo mara tu anapoanza kazi: programu haihifadhi sentensi nzima. Huhifadhi vipande.

Mwandishi wa programu aliyezoea Kiingereza hutengeneza kiunzi chenye nafasi tupu, ikifuatwa na kauli ya kwamba kitu kilichotajwa kimefutwa. Katika nafasi tupu huingia jina lolote. Kwa Kiingereza kauli hiyo haibadiliki, iwe kilichofutwa ni mgonjwa, dawa au kituo. Mtafsiri wa Kiswahili hupewa kauli peke yake, bila jina, naye huandika "imefutwa". Mtafsiri mwingine hupewa orodha ya majina: mgonjwa, dawa, kituo, ujumbe, jalada. Mhakiki hupitia orodha zote mbili na hakuti kosa hata moja, kwa sababu halipo. Kisha programu inaunga:

Dawa imefutwa.
Mgonjwa imefutwa.
Kituo imefutwa.
Ujumbe imefutwa.
Jalada imefutwa.

Moja katika tano imesalimika, tena kwa bahati ya ngeli ya I-ZI. Hapa ndipo ninaposema kwamba upimaji wa sehemu pweke hauwezi kuona kosa hili hata ukirudiwa mara elfu. Kosa halimo katika jina wala katika kitenzi. Limo katika ungio, na wanasarufi wetu wamelipa jina zamani: ni kukosekana kwa upatanisho.

Dawa yake inajulikana. Ama sentensi ziandikwe nzima nzima kwa kila jina, jambo linaloongeza kazi. Ama kiunzi kiwekewe njia panda inayosoma ngeli ya jina na kuchagua kiambishi, jambo linalodai kila jina katika kamusi ya dhana liandikiwe ngeli yake. Njia ya tatu, ambayo watafsiri wengi huikimbilia, ni kuikwepa sarufi kwa kuandika "Kufuta: kituo". Si Kiswahili kibaya, ila ni Kiswahili cha kibandiko cha kwenye chupa.

Idadi nayo ina mitego yake. Viwango vya kimataifa vya lugha katika kompyuta huipa lugha yetu hali mbili tu, moja na zaidi ya moja, na kwa juujuu ni kweli. Lakini "mgonjwa mmoja" na "wagonjwa wawili" vinabadilisha jina, kivumishi na kitenzi kwa pamoja, ilhali sita, saba na tisa havikubali kiambishi chochote. Programu hunusurika kwa kuandika tarakimu: "wagonjwa 2" haimuumizi mtu jicho. Siku programu ile ile itakapounganishwa na moduli ya kusoma kwa sauti, kwa ajili ya mama asiyejua kusoma, tarakimu itabidi itamkwe, na deni lililofichwa litadaiwa.

Kuna jambo moja la kuongeza, ambalo mtu wa Unguja anaweza asilione lakini wa Bangwe atalitambua mara moja. Katika Kiswahili cha kila siku cha mashariki ya Kongo upatanisho wa vitu visivyo na uhai umelainika sana. "Mwezi ya kwanza" ni usemi wa kawaida. Mpimaji aliyekulia Kalemie anaweza kuisoma "Kituo imefutwa" bila kushtuka. Kwa hiyo hata jibu la swali "je, programu imepita?" linategemea ni nani aliyekaa mbele ya kioo. Hilo haliwahusu wahandisi peke yao. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 na kukijenga Kiswahili sanifu juu ya Kiunguja, tumekuwa na kiini kimoja rasmi na lahaja nyingi hai. Kompyuta imetulazimisha tu kutaja wazi ni ipi tunayoipima.

6.0 Hesabu ya Mchanganyiko na Siku ya Tatu

Ukoo wenye sifa 10 za hiari zisizotegemeana unaweza kuzaa mazao 1,024. Wenye sifa 33 unaweza kuzaa mazao 8,589,934,592, idadi inayozidi ya watu wote duniani. Ni dhahiri kwamba hakuna anayeweza kuyapima yote. Wanahisabati wametoa njia ya kupunguza mzigo: usipime kila mchanganyiko, bali hakikisha kwamba kila jozi ya sifa, katika hali zake zote, inakutana walau mara moja. Kwa sifa 10 za ndiyo au hapana, mazao sita yaliyochaguliwa vema yanatosha kukutanisha jozi zote. Njia hiyo ina msingi: uchunguzi uliofanywa na taasisi ya viwango ya Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya hitilafu husababishwa na jambo moja au mawili yakikutana, na zinazohitaji matatu au zaidi ni chache zaidi.

Naiheshimu njia hiyo. Lakini naomba tuijaribu kwa programu ya kubuni ya zahanati, yenye njia panda tatu tu. Ya kwanza ni lugha: Kiswahili sanifu au Kiswahili cha Kongo. Ya pili ni nchi ya kituo: Tanzania au Kongo. Ya tatu ni arafa ya kumkumbusha mgonjwa siku ya kurudi: ipo au haipo. Michanganyiko ni minane. Mazao manne yanatosha kukutanisha jozi zote:

Zao la kwanza: sanifu, Tanzania, arafa ipo.
Zao la pili: sanifu, Kongo, arafa haipo.
Zao la tatu: Kiswahili cha Kongo, Kongo, arafa ipo.
Zao la nne: Kiswahili cha Kongo, Tanzania, arafa haipo.

Msikilizaji anaweza kuhakiki mwenyewe kwamba hakuna jozi iliyoachwa. Sasa tuchukulie programu hii huzipa siku za juma namba, na namba hizo hufuata nchi. Kwa Tanzania hesabu inaanzia Jumamosi, kama majina yetu yenyewe yanavyosema: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kwa Kongo inaanzia Jumatatu. Lugha nayo inaleta orodha ya majina. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo Jumatatu huitwa siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, Jumatano siku ya tatu, na kuendelea hadi siku ya posho, yaani Jumamosi, na siku ya yenga, yaani Jumapili. Orodha ya sanifu imepangwa kuanzia Jumamosi; orodha ya Kongo imepangwa kuanzia siku ya kwanza. Moduli ya arafa hupokea namba kutoka kwenye kalenda na kuchukua jina la nafasi hiyo. Kwenye kioo, pasipo arafa, tarehe huonyeshwa kwa tarakimu tu.

Pima mazao manne. La kwanza linatuma majina ya Tanzania kwa namba za Tanzania: sahihi. La tatu linatuma majina ya Kongo kwa namba za Kongo: sahihi. La pili na la nne yana lugha na nchi zisizolingana, lakini hayatumi arafa, kwa hiyo hakuna jina la siku linaloonekana: nayo yanapita. Mpimaji anatia saini.

Zao ambalo halikuwamo ni lile la Kiswahili cha Kongo, Tanzania, arafa ipo. Nani anatumia zao hilo? Linatumiwa hapa. Katika mkoa huu kuna kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyopokea wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996. Katika mwambao wetu kuna wavuvi na wafanyabiashara wa ng'ambo ambao watoto wao hutibiwa upande huu. Mama mmoja wa aina hiyo anapangiwa kumrudisha mtoto Jumatatu. Kalenda ya Tanzania inaipa Jumatatu namba 3. Moduli ya arafa inachukua jina la tatu katika orodha ya Kongo. Simu ya mama inasoma: "siku ya tatu". Kwake hiyo ni Jumatano. Anakuja siku mbili baadaye, na mtoto wake amekaa siku mbili bila dawa.

Ubaya wake ni kwamba muuguzi Mtanzania akionyeshwa arafa hiyo ataikubali. Siku ya tatu, Jumatatu, nini kilichokosewa? Kosa limevaa nguo zetu wenyewe. Kama neno lingekuwa la kigeni lingemshtua.

Sisemi kwamba hesabu ya jozi ni ya uongo. Inafanya kile ilichoahidi, na kosa hili linahitaji mambo matatu yakutane, nayo iliahidi mawili tu. Ninachosema ni kwamba orodha ya mazao ya kupimwa haiwezi kutolewa na hesabu peke yake. Mtu wa hesabu atauliza ni michanganyiko mingapi inayowezekana. Inabidi awepo mwingine wa kumwambia ni mchanganyiko upi unaishi, na mtu huyo mara nyingi ni karani wa mapokezi, au mwanaisimu aliyewahi kukaa sokoni na kusikiliza watu wakitaja siku.

7.0 Kaimu, na Safu ya Mwisho

Limebaki jambo la utendaji. Sehemu moja inapopimwa kabla ya jirani yake kuwa tayari, wahandisi huweka badala yake kipande cha muda kinachojibu kama jirani angejibu. Nimependekeza kukiita *kaimu*, na wanafunzi waliowahi kuhudumiwa na kaimu ofisini huielewa dhana hiyo papo hapo: anakaa kitini, anatoa majibu ya kawaida, lakini faili gumu humngoja mwenyewe. Kaimu wa lugha ni hatari kuliko makaimu wengine. Wakati moduli ya arafa inapimwa, kaimu wa orodha ya majina huwa na majina matatu manne ya mfano, yote ya sanifu, yote ya ngeli moja, kwa kuwa aliyemwandika hakuwa na haja ya zaidi. Moduli inapita mbele ya kaimu kwa miezi, na wakati orodha halisi inapofika kila mtu anaamini kwamba kazi ya kupima imekwisha.

Napendekeza basi kwamba kaimu wa lugha aandikwe na watu wa lugha, na awe mgumu makusudi: awe na jina la kila ngeli, awe na jina refu kuliko nafasi ya kioo, awe na orodha ya siku inayoanzia mahali pengine. Kazi hiyo ni ya siku chache, na inafaa sana kuwa zoezi la mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa isimu.

Napendekeza pia kwamba zao la tano liongezwe kwenye yale manne. Upimaji wa matano ni nafuu kuliko wa manane, na tofauti hiyo itakuwa kubwa zaidi katika ukoo wa sifa kumi, ambako sita za hesabu pamoja na chache za mahali bado ni mbali mno na 1,024. Fomu ya upimaji ina safu ya mwisho inayoitwa jibu linalotarajiwa. Ndiyo inayoamua kila kitu, maana kompyuta hulinganisha ilichotoa na kilichoandikwa humo, na haina akili nyingine. Safu hiyo haiwezi kujazwa na mtu anayejua Kiswahili cha upande mmoja wa ziwa. Mbele ya zao la tano, kwa miadi ya Jumatatu katika kituo cha Tanzania, inapaswa kuandikwa: siku ya kwanza.